Kwa nini safari ya kikundi huvunjika siku ya tano? (Februari tunaenda tena, Malawi na Chipata)

#1 KinyoziWaBuguruni
Wakuu habari zenu.

Nina swali limenikaa kooni mwaka mzima. Mwaka jana tulijikusanya watu wanane hapa Dar, tukasema haiwezekani kila siku tuone wageni wanatembea kwetu na sisi hatujui hata kwa jirani kukoje. Hatukutaka mbuga. Tulitaka mila, majumba ya wafalme, ngoma, vyakula vya watu. Rwanda, Uganda, Kenya, kurudi kwa Namanga, siku kumi na mbili. Ratiba tulikuwa nayo, gurupu la WhatsApp tulikuwa nalo, mpaka fulana tulichapisha.

Siku mbili za basi tuliimba. Siku ya tatu, Kigali, kila mtu anampiga mwenzake picha. Siku ya nne tukaenda Nyanza kwenye ikulu ya zamani ya wafalme, pale Rukari. Kuna wale ng'ombe inyambo, pembe ndefu kuliko mkono wangu, na mchungaji anawaimbia mashairi ya kuwasifu mpaka wanatulia kama wanasikiliza. Mama mmoja wa kundi letu alitokwa na machozi. Siku ya tano asubuhi watu hawasalimiani.

Tulirudi Dar vipande vitatu: watatu kwa Mutukula mpaka wa Uganda, watatu kwa Namanga mpaka wa Kenya, wawili kwa ndege.

Nilipoanza kuulizia, watu wa vikundi vingine wananiambia "hata sisi ilikuwa siku ya tano". Sasa siku ya tano ina nini? Naomba uzoefu, maana Februari tunaelekea kusini: Mbeya, mpaka wa Kasumulu, Malawi, hadi Chipata Zambia kuona Nc'wala, sherehe ya mazao ya kwanza ya Wangoni. Nataka niujue ugonjwa kabla sijaurudia.

#2 JikoLaMkaa
Nimeweka kiti hapa, wenye uzoefu wanakuja.

#3 MamaMihogo
Pesa. Funga uzi.

Kikundi kisicho na mfuko wa pamoja kinavunjika, kwa sababu siku ya kwanza mtu anamlipia mwenzake maji, ya pili anamlipia bodaboda, ya tatu tiketi ya makumbusho, na hakuna anayeandika. Ikifika siku ya tano kila mtu kichwani mwake ana daftari lake na kwenye daftari hilo yeye ndiye anayedai. Mimi kikoba chetu tulienda Mombasa wanawake kumi na moja. Kila mtu aliweka pesa mbele, tukamchagua mmoja, tukaingia Fort Jesus, tukala, tukarudi tunapendana.

#4 KinyoziWaBuguruni
Mama, mhazini tulikuwa naye.

#5 Tozo_Ya_Mwisho
Mhazini ni kati ya wale wawili wa ndege?

#6 KinyoziWaBuguruni
Ndiyo. Lakini nauli alijilipia mwenyewe.

#7 Tozo_Ya_Mwisho
Hahaha sawa mkuu, sijasema kitu.

#8 SukaniYaNoah
Mimi ni dereva, nimebeba vikundi vya namna hii miaka mingi, vya wageni na vya kwetu. Pesa ni kisingizio tu, mama #3 anisamehe. Tatizo ni kiti cha mbele.

Sikilizeni. Gari lina kiti kimoja kizuri, cha pembeni ya dereva. Siku ya kwanza anakaa mtu mzima, kwa heshima. Siku ya pili anakaa yule yule, kwa mazoea. Siku ya tatu kimekuwa chake. Huku nyuma kabisa kuna kijana magoti yako kidevuni, anatabasamu tu. Siku ya nne hatabasamu. Siku ya tano anasema anaumwa mgongo, na huo mgongo ndio mwanzo wa maneno yote.

Halafu watu wanane na mizigo hawaenei vizuri kwenye gari moja dogo. Mkifika mjini mnachukua teksi mbili. Hapo mmeshakuwa vikundi viwili, na kila teksi ina mazungumzo yake. Ukitaka kikundi kidumu, nendeni sita.

#9 MzeeWaKurasini
Nyie vijana mnazungumzia kiti cha mbele na mnaenda kuwaangalia Wangoni bila kujua kwamba Wangoni wenyewe ni kikundi cha safari kilichovunjika!

Zwangendaba, kiongozi wao, alitoka na watu wake kule Natal, Afrika Kusini, akikimbia vita vya Shaka mfalme wa Wazulu. Akavuka Zambezi mwaka 1835. Akapanda, akapanda, mpaka Ufipa, hapa hapa Tanzania yetu. Njia nzima hiyo, miaka na miaka, kundi lilishikana, na lilikuwa likiongezeka kwa watu wa kila kabila waliowapitia. Akafariki Ufipa miaka ya 1840. Kaburi halijapoa, wakagawanyika. Mpezeni huyo akaishia Chipata. M'mbelwa akaenda Mzimba, Malawi. Watuta wakapanda kaskazini kuelekea Unyamwezi. Wengine wakashuka Songea.

Kwa hiyo mleta uzi jiulize, katika wale wanane Zwangendaba alikuwa nani? Kama hakuwepo, usitafute sababu nyingine.

#10 KiburuguMweusi
#9 shikamoo mzee. Umesema vizuri ila hapo Songea naomba niweke sawa. Kundi la Zulu Gama lilipofika Songea liliwakuta Wangoni wengine tayari, wa Maseko, waliokuja na safari yao tofauti kwa upande wa mashariki ya ziwa chini ya Mputa. Wakaishi pamoja kidogo, wakapigana, Maseko wakarudi kusini, na leo wako Ntcheu kule Malawi kwa chifu wao Gomani. Kwa hiyo sio wote ni watu wa Zwangendaba.

Na kiongozi kufa sio sababu pekee. Kundi lilikuwa limeshakuwa kubwa, ng'ombe na chakula havitoshi sehemu moja. Njaa inagawa watu kuliko msiba.

#11 MzeeWaKurasini
Marahaba. Nimekubali la Maseko. La njaa sikubali.

#12 Chachandu
Njaa naiunga mkono mimi. Mtu wa Dar akikosa chai na chapati asubuhi mara tatu mfululizo anabadilika tabia.

#13 BintiWaTandika
Samahanini kwa kukatiza, hivi kwa Rwanda na Uganda NIDA inatosha? Nimesikia wenzetu wanavuka kwa kitambulisho.

#14 Mhuri_Wa_Buluu
#13 hao wenzetu ni Kenya, Uganda na Rwanda, walikubaliana wao watatu tangu 2014. Tanzania haimo kwenye mpango ule. Wewe beba pasipoti, au kama ni ya haraka kachukue hati ya dharura uhamiaji. Usiende mpakani na NIDA ukaanza kulia.

Na kadi ya njano ya homa ya manjano msisahau. Chomeni mapema, inaanza kutambulika siku kumi baada ya sindano na inadumu miaka kumi.

#15 NesiMstaafu
Ya miaka kumi ni habari ya zamani. Tangu Julai 2016 ile kadi ni ya maisha, hata kama imeandikwa miaka kumi. Hilo la siku kumi za mwanzo ni kweli.

#16 Mhuri_Wa_Buluu
Asante nesi. Kumbe nilichomwa mara mbili bure.

#17 UpepoWaKigamboni
Nimesoma yote. Mimi nasema ni makumbusho. Nyie mnaita safari ya utamaduni halafu mnapanga ratiba kama mtihani wa darasa la saba: asubuhi Nyanza, mchana makumbusho ya Huye, jioni ngoma, usiku basi. Mtu anaona vibuyu vya maziwa mpaka vinamtoka puani. Kichwa cha binadamu kina kiasi chake.

Safari yetu ya Burundi tuliona kitu kimoja tu cha maana, ngoma za Gishora pale karibu na Gitega. Tulikaa siku nzima. Wale wazee wanaingia na ngoma vichwani huku wanapiga, na ngoma ile ni mti mzito sio mchezo. Jioni tukakaa nao tukaulizana habari za kilimo. Hakuna aliyegombana. Kesho yake tukalala mpaka saa nne.

#18 Tozo_Ya_Mwisho
#17 mlikuwa wangapi?

#19 UpepoWaKigamboni
Wawili. Mimi na mke wangu.

#20 Tozo_Ya_Mwisho
Dada na kaka zangu huu uzi usifungwe.

#21 KangaLaKisutu
Nilikuwa nasoma kimya, ila sasa naomba niseme. Mimi nilikuwemo kwenye hiyo safari ya #1. Ni kati ya watatu waliorudi kwa Mutukula.

Kaka Kinyozi, siku ya tano ulioiona wewe ni siku uliyoanza KUSIKIA. Kelele zilianza siku ya tatu. Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na Rwanda Jumamosi hiyo asubuhi ni umuganda, nchi nzima iko nje inafanya usafi na kazi za mtaa, maduka yamefungwa, magari hayatembei ovyo. Ratiba yako iliandika "saa mbili kifungua kinywa mjini". Mjini kupi? Tulikaa ndani mpaka saa tano. Tulikuwa na mama mwenye sukari, aliyemeza dawa yake tangu saa moja kwa kuamini ratiba. Nilimpa biskuti za mtoto nilizonunua Kahama. Wewe wakati huo ulikuwa barazani unapiga picha kilima.

Yule mama hakusema kitu. Ndio huyo huyo uliyesema alitokwa na machozi kwa ajili ya ng'ombe.

#22 JikoLaMkaa
Duh.

#23 Chachandu
Nilisema mimi. Njaa.

#24 KinyoziWaBuguruni
Dada Kanga, karibu. Jumamosi nakubali, ni kosa langu, sikuangalia kalenda. Hilo la dawa ndio nalisikia leo, na nitampigia mama simu jioni hii. Ila na wewe sema yote. Mandazi yalipatikana saa nne, nilimwomba mlinzi. Na pale Gatuna mpakani siku ya tano, nani alisema hadharani kwamba kuna watu wamekuja kutalii kwa mgongo wa wenzao?

#25 KangaLaKisutu
Nilisema mimi, na nilikuwa namsema mhazini. Wewe ukajiona.

Halafu mandazi yalikuwa manne. Watu wanane.

#26 SukaniYaNoah
Dada #21, kiti cha mbele kwenye basi dogo la Nyanza alikaa nani?

#27 KangaLaKisutu
Kinyozi. Kwenda na kurudi.

#28 SukaniYaNoah
Sina la ziada.

#29 Fundi_Saa_Kariakoo
Hamjagusa saa. Rwanda, Burundi, Malawi, Zambia, hawa wote wako nyuma yetu saa moja. Uganda na Kenya tuko sawa. Simu inajibadilisha yenyewe, saa ya mkononi haijibadilishi. Kwenye kundi la watu wanane lazima wapo wawili wanaoishi kwa saa ya Dar. Hao wanaamka mapema saa nzima, wanakaa kwenye mabegi yao wamenuna, wanaona wenzao wavivu. Siku nne za kununa kwa saa nzima nzima, ya tano ndio kama hivyo.

Huko mnakoenda Malawi na Zambia itakuwa vilevile, rudisheni mishale Kasumulu, wote kwa pamoja, mbele ya mashahidi.

#30 KangaLaKisutu
#29 mhazini alikuwa na saa ya mkononi. Sikuwahi kuliwaza hilo.

#31 Mkulima_Wa_Kibada
Kwani mnapita reli ipi? Si mpande SGR mpaka Dodoma halafu muunge Tazara?

#32 KiburuguMweusi
Hapana mkuu, haviungani huko. Tazara ina njia yake peke yake, inaanzia kituo chake pale makutano ya Nyerere na Mandela. Imejengwa na Wachina 1970 mpaka 1975, kilomita 1,860 hadi New Kapiri Mposhi, na upana wa reli zake ni milimita 1,067 ili ziingiliane na za Zambia na kusini. Reli ya kati ya zamani ni mita moja kamili. Mpigie mtu wa stesheni kwanza ujue kama ya abiria inatoka na siku gani, usibebe begi kwa imani. La sivyo basi la Mbeya kutoka Mbezi.

#33 MamaMihogo
Malawi na Zambia wote wanatumia kwacha, ila sio kwacha moja. Shemeji yangu alivuka kwa Mchinji na noti za Malawi akifikiri atanunua soda upande wa pili. Walimcheka mpaka akacheka mwenyewe.

#34 BintiWaTandika
Kwacha si kama kumekucha?

#35 KiburuguMweusi
Ndio hiyo hiyo. Kumekucha ya uhuru. Binti una sikio zuri.

#36 Chachandu
Nsima yao ni laini kuliko ugali wetu, ila ukipewa na samaki wao chambo wa ziwani utasahau kwenu.

#37 Mhuri_Wa_Buluu
Chambo wa Ziwa Nyasa hana mpinzani.

#38 Tozo_Ya_Mwisho
#37 hilo jina litaje ukiwa upande huu huu, kule wanaliita Ziwa Malawi. Mimi nilisema "Ziwa Nyasa" ndani ya basi la kwenda Mzuzu, mzee mmoja akanigeukia akanipa somo la mkataba wa Wajerumani na Waingereza wa 1890 mpaka tuliposhuka. Alikuwa na hoja zake, na mimi nikawa na zangu za kanuni ya kugawa maji katikati. Tuliagana vizuri, alininunulia karanga.

#39 MzeeWaKurasini
Na neno lenyewe Nyasa maana yake ni ziwa. Tunagombania Ziwa Ziwa.

#40 UpepoWaKigamboni
Turudi kwenye mada jamani. Mleta uzi, mkipita Malawi msikimbie moja kwa moja Chipata. Pale Mua, wilaya ya Dedza, kuna kituo cha Kungoni kilichoanzishwa 1976 na padri mmoja wa Kanada, Claude Boucher, kina makumbusho ya Chamare: Wachewa, Wangoni, Wayao. Nilisema makumbusho yanachosha, hilo silifuti, ila hilo moja litawafungua macho kabla ya Nc'wala. Vinyago vya gule wamkulu, ile ngoma ya Wachewa, mtavielewa. Mkikutana na nyau, wachezaji wenyewe wa vinyago, barabarani msianze kupiga picha ovyo, na msiwafuate wanakotokea. Ulizeni mwenyeji kwanza.

#41 KinyoziWaBuguruni
Asante sana #40. Umeniokoa siku.

#42 Mnjelu_Halisi
Nimeona Chipata Chipata nikasikitika. Mleta uzi unajua Nc'wala inaangukia mwishoni mwa Februari, si ndio? Na unajua Februari hiyo hiyo, tarehe 27, Songea tunawakumbuka mashujaa wa Majimaji walionyongwa na Wajerumani 1906? Kuna makumbusho, kuna makaburi, kuna ngoma, na uko ndani ya nchi yako. Hauhitaji kadi ya njano. Unawaruka Wangoni wa nyumbani unaenda kwa wa Mpezeni.

#43 KiburuguMweusi
Mnjelu una hoja ila usimlaumu. Nc'wala nayo ina kisa chake. Waingereza waliwapiga Wangoni wa Mpezeni 1898, sherehe ikazimwa, imerudi 1980. Kwa hiyo ile ya Mtenguleni anayokwenda kuiona ni kitu kilichofufuliwa: mfalme na ngozi yake ya chui, fahali mweusi, shukrani ya mazao ya kwanza. Na mkifika pale msitegemee kusikia Kingoni mtaani, watu wanaongea Chinyanja na Chinsenga. Hilo peke yake ni somo kuhusu watu wanaosafiri kwa vikundi.

#44 Mnjelu_Halisi
Hata Songea Kingoni chetu kimechanganyika. Nakubali. Ila pitieni.

#45 Mkulima_Wa_Kibada
Uganda mlifanikiwa kuona chochote au mlikuwa mmeshanuniana? Yale makaburi ya wafalme watatu wa Buganda vipi?

#46 KangaLaKisutu
Ni wanne. Mutesa wa kwanza, Mwanga, Daudi Chwa, na Mutesa wa pili. Mwanga alifia uhamishoni Shelisheli 1903, Mutesa wa pili alifia London 1969, wote walirudishwa kulazwa pale Kasubi, Kampala. Tuliingia sisi watatu wa Mutukula peke yetu. Nyumba iliungua Machi 2010, na nilikwenda nikidhani nitakuta majivu. Mnavua viatu, wanawake tunakaa tumekunja miguu, na juu darini kuna pete za majani 52, kila moja ukoo mmoja. Mama mwenye sukari aliuliza kwa nini 52, wakamweleza. Akauliza ukoo ukigombana na mwingine pete yake inatolewa? Yule mwongozaji akacheka, akasema haijawahi kutokea, wanagombana chini yake.

#47 KinyoziWaBuguruni
Hiyo sikuipata. Tulikuwa stendi tunatafuta basi la Nairobi.

Nimempigia mama. Anasema hakumbuki habari ya biskuti, anakumbuka ng'ombe. Na anasema Februari anakuja kama Noah ni moja na kiti cha mbele kinazunguka kila siku.

#48 MamaMihogo
Na mfuko wa pamoja.

#49 Fundi_Saa_Kariakoo
Na mishale.

#50 MzeeWaKurasini
Na Zwangendaba nani?

#51 KangaLaKisutu
Mimi nitakuja kwa sharti moja. Kaka Kinyozi, ile teksi ya Nyamirambo nililipa mimi faranga elfu tisa, ukasema tutamalizana Kampala.

#52 KinyoziWaBuguruni
Dada si uje inbox.

#53 Abiria_Wa_Gongo_La_Mboto
Habari wakuu, nimechelewa na sijasoma kote. Kasumulu kadi ya njano wanaiomba?

#54 NesiMstaafu
Wewe beba. Hata wasipoiomba, ukirudi nayo hainuki.